Kuanza peintiboli kwa bajeti ndogo: maski kwanza, bunduki baadaye

Anayeanza peintiboli, mchezo wa kufyatuliana risasi za rangi, karibu kila mara huuliza bei ya bunduki. Aulize kwanza risasi moja ya rangi inauzwaje, na yeye atafyatua ngapi kwa siku. Bunduki nzuri ya mekaniki (isiyotumia betri) ikitunzwa hudumu miaka mingi, lakini risasi unazinunua kila unapokwenda uwanjani. Kwa bei za Marekani, ambako mchezo huu ulizaliwa na ambako vifaa vyake ni rahisi kupatikana, sanduku la risasi 2,000 mara nyingi huwa kati ya dola 50 na 70. Hizo ni kama senti tatu kwa risasi. Mtu anayemaliza sanduku zima kila Jumamosi atakuwa ametumia bei ya bunduki ya mtumba kabla mwezi haujaisha.

Basi pesa kidogo uliyo nayo ianze kwenye uso wako, halafu ujifunze kufyatua kidogo. Bunduki na mtungi wa hewa vitakuja vyenyewe.

Hatua ya 1: Cheza kwa kukodi, lakini uliza kabla ya kulipa

Siku tatu au nne za kwanza usinunue chochote isipokuwa, ukiweza, maski. Kukodi kutakuonyesha kama mchezo wenyewe unaupenda, na kama unapenda zaidi msituni au kwenye uwanja wa vizuizi vya kujazwa hewa. Ukinunua bunduki kabla ya kujua hilo, mara nyingi utanunua mbili.

Nchini Kenya na kwa majirani zake, viwanja vingi huuza kifurushi: maski, bunduki, ovaroli au kizibao, na risasi kadhaa, mara nyingi 50 au 100. Bei ya kifurushi huonekana ndogo. Gharama huja pale risasi zinapoisha katikati ya mchezo wa pili na wewe hutaki kukaa nje. Kwa hiyo piga simu kabla hujaenda, uulize haya:

- Risasi za kuongeza zinauzwaje, na je, bei hushuka mkichanga watu kadhaa mkanunua sanduku zima?
- Risasi ni za ukubwa gani: inchi .68 au .50? Zile za .68 ndizo za kawaida, zina uzito wa gramu 3 hivi. Za .50 ni ndogo, haziumizi sana mwilini na huwafaa watoto, ila huyumba zaidi kwenye upepo.
- Je, mwenye maski yake au bunduki yake hupunguziwa? Na je, uwanja unaruhusu risasi kutoka nje? Viwanja vingi havikubali, na hapo ndipo vinapopata faida yao.
- Kasi ya bunduki hupimwa kwa kifaa? Kikomo kinachojulikana kimataifa ni futi 300 kwa sekunde, na viwanja vingi huweka 280 au chini ya hapo. Ukijibiwa kwamba hawapimi, tafuta uwanja mwingine.

Hilo la mwisho lina sababu. Risasi ya gramu 3 ikienda futi 280 kwa sekunde hubeba takriban jouli 11. Ukipigwa nayo pajani unabaki na alama ya mviringo na kuuma kwa siku kadhaa. Jichoni, jicho limekwenda.

Hatua ya 2: Maski

Kitu cha kwanza kununua kwa pesa yako mwenyewe ni maski, tena iwe ya peintiboli hasa, iliyoandikwa kiwango cha usalama cha maski hizi, ASTM F1776. Miwani ya fundi wa kuchomelea, miwani ya pikipiki, miwani ya maabara, vyote hivyo havikutengenezwa kuzuia risasi hii, na vingi huvunjika au kuchomoka usoni vikipigwa ubavuni. Maski ya peintiboli hufunika macho, pua, mdomo na masikio kwa pamoja. Ukiona inayoacha masikio nje, iache dukani.

Hapa kwenye maski usibane matumizi. Maski ya bei ya chini kabisa ina kioo cha tabaka moja, na kioo hicho hufanya ukungu. Pumzi yako ni ya joto na ina unyevu. Ikigusa kioo kilicho baridi kuliko uso, inageuka matone. Mombasa au Dar es Salaam, penye unyevu mwingi hewani na jasho lisilokauka, maski ya tabaka moja hujaa ukungu dakika chache tu baada ya kuanza kukimbia. Mchezaji asiyeona hutaka kuinua maski aifute, na majeraha mabaya kabisa ya macho katika mchezo huu hutokea namna hiyo, mtu akiwa amevua maski ndani ya uwanja. Kioo cha tabaka mbili kina hewa katikati kama dirisha la nchi za baridi, na tabaka la ndani hubaki na joto karibu sawa na uso. Maski ya namna hiyo, ikiwa mpya, huanzia kama dola 50 hadi 80. JT, V-Force, Empire na Dye wote wanazo.

Ukinunua ya mtumba, nunua fremu, kioo weka kipya. Kioo cha zamani kinaweza kuwa na ufa usioonekana au kuwa kimechoka kwa jua. Mkanda wa nyuma uvute: usiponyumbuka ukarudi, nao badilisha. Halafu ivae, uiname, utikise kichwa kwa nguvu, ufungue mdomo wote. Isisogee. Wanaovaa miwani ya macho waende nayo dukani, maana fremu nyingi haziachi nafasi pembeni.

Utunzaji wake ni mwepesi, lakini una makosa mawili ambayo hurudiwa kila siku. La kwanza ni kusafisha kwa dawa ya vioo vya nyumbani yenye amonia, ambayo huharibu plastiki na kuondoa dawa ya kuzuia ukungu. Tumia maji ya kawaida na kitambaa laini cha nyuzi ndogo, ukigonga-gonga upande wa ndani badala ya kusugua. La pili ni kutumbukiza kioo cha tabaka mbili kwenye beseni. Maji hupenya kwenye gundi ya pembeni, yanabaki katikati ya tabaka, na hapo hakuna wa kuyafuta. Kioo kikipigwa kutoka karibu sana, kikianguka kwenye jiwe, au kikitimiza msimu mzima wa kucheza, badilisha hata kama macho yako hayaoni tatizo.

Hatua ya 3: Nguo ni za mitumba

Hapa ndipo unapookoa pesa. Suruali ya mazoezi iliyopwaya, sweta yenye kofia, glavu nyembamba, na kitu cha kufunika shingo: vyote vinapatikana Gikomba (Nairobi), Karume (Dar es Salaam) au Owino (Kampala) kwa bei ya soda chache. Nguo iliyopwaya ni bora kuliko nzito, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia humeza sehemu ya nguvu ya risasi, na wakati mwingine risasi hudunda bila kupasuka. Nguo ya kubana hufanya kinyume.

Viatu viwe vyenye meno. Njumu za mpira wa miguu zenye meno ya plastiki zinafaa kwenye nyasi. Za chuma hukataliwa karibu kila mahali. Msituni vaa buti linaloshika kifundo cha mguu, maana wengi huumia kwa kuteguka kuliko kwa risasi.

Jambo moja usilicheze: nguo za madoa ya kijeshi. Huko Marekani wachezaji wengi wa msituni huzivaa, lakini Kenya, Uganda na Tanzania raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi ni kosa la jinai. Usizivae uwanjani, usizivae njiani, na usimwagize ndugu akuletee. Kijani cha kawaida, kahawia au kijivu hukuficha vilevile.

Hatua ya 4: Jifunze risasi kabla ya bunduki

Risasi ya rangi ni gamba la jelatini, kama la vidonge vya mafuta ya samaki, lililojazwa polietilini glikoli na rangi ya chakula. Huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana nguo husafishika kwa maji baridi. Na kwa sababu hiyo hiyo, unyevu ndio adui wake mkubwa.

Risasi iliyovuta unyevu huvimba, hulainika, hukwama kwenye mtutu au hudunda mwilini bila kupasuka. Risasi iliyopata baridi hukauka na kupasukia ndani ya mtutu wako. Weka kifuko kimefungwa, mahali penye kivuli na joto la kati ya nyuzi 15 na 25. Usiache kwenye buti la gari juani, usiweke kwenye friji, na kamwe usiweke kwenye friza. Sanduku likikaa wiki kadhaa, ligeuze kila baada ya siku chache, kwani risasi za chini hubonyea kwa uzito wa za juu, na risasi yenye bonde haiendi moja kwa moja.

Kabla ya kununua sanduku, omba risasi tano. Zizungushe kwenye kiganja: ziwe duara kamili, kavu, mshono wake usiwe na kijidoa cha mafuta. Iangushe moja kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ya saruji. Kwa bunduki ya mekaniki unataka ile inayostahimili anguko la kwanza lakini isidunde mara saba kama mpira wa tenisi. Kisha iweke kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu, mtutu ukiwa umetolewa kwenye bunduki. Ikidondoka yenyewe, ni ndogo mno: utapoteza kasi na hewa. Ikikataa kuingia bila kusukumwa, ni kubwa: itapasuka. Inayofaa hukaa hapo, nawe ukipuliza kwa pumzi inatoka.

Risasi iliyoanguka chini usiiokote. Inachubuka, inabeba mchanga, inavuta unyevu wa ardhi. Ukiirudisha kwenye hopa (chombo cha risasi kilicho juu ya bunduki), ikapasuka humo, jelatini iliyolowa inazigandisha zilizobaki, na mchezo wako umeishia hapo. Kuokoa risasi moja ya senti tatu kumekugharimu risasi 100. Pia usiziache zimetapakaa mahali penye mbwa: wakizila nyingi huugua vibaya.

Sasa kuhusu kufyatua kidogo. Mchezo wa kwanza kabisa unaojulikana ulichezwa Henniker, New Hampshire, tarehe 27 Juni 1981. Watu 12 walicheza msituni kwa bastola za Nelspot 007, zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda, bwana misitu aitwaye Ritchie White, alikusanya bendera zote bila kufyatua risasi hata moja. Kila mwenye bajeti ndogo na aikumbuke siku hiyo.

Kwa vitendo iko hivi. Usahihi wa bunduki ya kawaida huishia kama mita 30. Zaidi ya hapo risasi inaelea, na hata ikimfikia mtu mara nyingi haipasuki. Kwa hiyo mita 60 za umbali haziondolewi kwa risasi 40. Ziondoe kwa miguu. Fyatua mbili au tatu, simama, angalia zinakoangukia, rekebisha. Sogea wakati mwenzako anafyatua, naye asogee ukifyatua wewe, na mpigiane kelele, kwa sababu neno "kulia, nyuma ya pipa!" halina bei. Badilisha upande wa kuchungulia kila mara. Anayechungulia mara tatu mahali pale pale anasubiriwa. Mchezaji anayefuata haya hutumia risasi 300 hadi 500 kwa siku nzima, naye hucheza vizuri kuliko anayemwaga 1,500.

Hatua ya 5: Bunduki

Ukishacheza siku kadhaa na bado una hamu, linganisha. Ada ya kukodi bunduki na maski huko Marekani mara nyingi ni dola 25 hadi 50 kwa siku. Ukicheza mara moja kwa mwezi, vifaa vyako vitajilipa ndani ya mwaka. Ukicheza mara mbili kwa mwaka, endelea kukodi na usione haya.

Njia tatu ndizo tunazopendekeza kwa asiye na pesa nyingi. Ya kwanza ni Tippmann 98 ya mtumba. Ni nzito, haina umeme wala betri, inafunguka kwa spana za L, vipuri vyake vimejaa, na ni bunduki ambayo viwanja vingi duniani vimekuwa vikiikodisha kwa miaka mingi. Ya pili ni bunduki ya pampu, yaani ile inayokokwa kwa mkono kila risasi. Wengi huipita wakidhani ni ya kizamani. Kumbe kwa bajeti haina mpinzani: huwezi kumwaga risasi hata ukitaka, unajifunza kulenga, na 200 zinakutosha siku nzima. Ya tatu, kwa mwenye kama dola 250, ni Planet Eclipse EMEK, ya mekaniki pia, laini kwa risasi dhaifu na isiyokula hewa nyingi. Bunduki za kielektroniki ziache kwanza. Kufyatua haraka ndiko kunakokula pesa.

Ukienda kuona Tippmann 98 iliyotumika, usikubali kuitazama bila hewa. Omba mwenyewe aje na mtungi uliojaa, kisha fanya hivi. Vaa maski. Hakikisha hopa imetolewa na mtutu una soksi yake, yaani mfuko unaofunika mdomo wake. Koki bunduki, weka usalama, ndipo ufunge mtungi. Bunduki hii hutakiwa kukokiwa kabla ya kupewa hewa, kwa sababu nyundo ikiwa imelala juu ya vali, hewa huvujia mtutuni na utadhani imeharibika. Sasa nyamaza, weka sikio karibu. Sauti ya kuvuja kwenye maungio ya mtungi ni oringi (pete ndogo ya kuzuia kuvuja) ya shilingi chache. Sauti inayotokea mtutuni huku bunduki ikiwa imekokiwa ni sili (kizuia-hewa) ya vali ndani. Hutengenezeka, lakini punguza bei. Fyatua mara kumi polepole ukielekeza chini mahali salama. Kila mara ijikoki yenyewe. Ikifyatua mfululizo yenyewe kama bunduki ya rashasha, mtungi una hewa kidogo au kishikio cha nyundo kimelika. Jaza mtungi ujaribu tena kabla ya kuamua. Mwisho toa mtungi, hewa iliyobaki ikiisha toa mtutu, ingiza kidole uguse kile kidude cha mpira kinachozuia risasi isiteleze mbele. Kikiwa kimekatika, risasi mbili zitaingia pamoja na moja itapasuka. Ni kipuri rahisi, ila muuzaji ajue umekiona.

Hopa ya kawaida ya kumimina, inayobeba 200, ni dola chache na inatosha. Soksi ya mtutu ni lazima, wala si pambo: hufungwa mbele ya mtutu kwa kamba ili risasi ikitoka kwa bahati mbaya ibaki ndani. Nunua pia kamba ya kusafishia mtutu na pakiti ya oringi.

Hatua ya 6: Mtungi na hewa

Kabla ya kununua mtungi, uliza uwanja wako unajaza nini. Hili husahauliwa sana, na mtungi usiojazika ni chuma tu.

Kaboni dioksaidi ni ya bei ndogo, na mtungi wake wa aunsi 20 hutoa mamia ya risasi. Lakini ndani yake ni kimiminika kinachogeuka gesi. Ukifyatua haraka kinapoa, shinikizo linashuka, kasi inayumba. Ukiinamisha mtutu mbele, kimiminika huingia bundukini na kugandisha sili. Hewa iliyoshindiliwa haina tabia hizo. Mtungi wa alumini wa inchi za ujazo 48 na shinikizo la psi 3,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba) hugharimu kama dola 50, una regyuleta yake (kidhibiti cha shinikizo), na hutoa risasi 400 hadi 500. Huo ndio tunaomshauri anayeanza. Mitungi ya nyuzi za kaboni ni myepesi, lakini bei yake ni mara tatu, na mingi huwa na mwisho wa matumizi uliochapishwa.

Ukinunua mtungi wa mtumba, soma tarehe iliyogongwa au kubandikwa juu yake. Huko Marekani mitungi ya namna hii hutakiwa kupimwa kwa maji yenye shinikizo kila baada ya miaka 5, na uwanja hautajaza uliopitwa na muda. Gharama ya kupima inaweza kukaribia bei ya mtungi mpya wa alumini, kwa hiyo "nafuu" ya muuzaji mara nyingi si nafuu.

Mambo matatu ya kulinda uhai wako. Usitie mafuta yoyote kwenye kichwa cha mtungi wala kwenye chuchu ya kujazia: mafuta yatokanayo na petroli yakikutana na hewa ya shinikizo kubwa huweza kuwaka. Jaza polepole, kwani kujaza haraka hupasha mtungi joto, na ukipoa unakuta shinikizo limeshuka. La tatu linahusu mitungi ya kaboni dioksaidi zaidi. Kuna watu waliouawa na mtungi ulioruka kama roketi, kwa sababu walipodhani wanafungua mtungi kutoka kwenye bunduki, kumbe wanafungua chupa kutoka kwenye vali yake. Chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja mwembamba unaopita juu ya vali na kuendelea kwenye chupa. Kila unapofungua, tazama mstari. Ukiona nusu ya juu na nusu ya chini zimeanza kuachana, acha hapo hapo, usizungushe tena, mpelekee fundi.

Kutoa mtungi bila kupasua oringi: zungusha polepole, karibu mzunguko mmoja pungufu kidogo, mpaka pini ya mtungi ijifunge. Elekeza mtutu mahali salama, fyatua mpaka hewa iliyobaki bundukini iishe. Ndipo umalizie kufungua. Wanaoruka hatua hiyo hupoteza oringi kila wiki.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika mapema, kwa sababu foleni ya kipima kasi huwa ndefu. Ukiwa bado nje ya uwanja, bunduki iwe na soksi na usalama. Ukivuka wavu, maski iko usoni na haitoki, hata ukipigwa, hata mchezo ukiisha, hata ukungu ukijaa, mpaka mwamuzi atamke kwamba bunduki zote zimefungwa soksi. Ukungu ukikuzidi, inua mkono, sema umetoka, ushikwe mkono kuelekea mlangoni.

Kwenye kipima kasi fyatua risasi tatu au nne. Zikizidi kikomo, rekebisha skrubu robo mzunguko, fyatua mbili za kusafisha, pima tena. Kwenye Tippmann 98, kukaza skrubu hupunguza kasi. Bunduki nyingine nyingi ni kinyume chake, kwa hiyo soma kitabu chake kwanza. Pima tena mchana, hasa kama unatumia kaboni dioksaidi: jua likipanda, kasi nayo hupanda.

Ukipigwa na risasi ikapasuka popote mwilini au kwenye bunduki, umetoka. Inua mkono, paza sauti, ondoka. Risasi iliyodunda bila kupasuka haihesabiki, wala matone yaliyokurukia kutoka kwenye pipa. Huna hakika? Omba mwamuzi akukague. Kufuta rangi kwa siri ni wizi, na uwanja mdogo hukumbuka sura ya mtu. Ukimkuta mpinzani kwa karibu, mita tatu hivi, viwanja vingi hutaka umpe nafasi ya kusalimu amri kwanza. Usifyatue bila kutazama, mkono juu ya ukuta.

Vinavyoharibika, na sababu zake

Risasi kupasukia ndani ndiyo kero ya kila mtu. Tafuta kwa utaratibu: je, risasi ni za zamani au zimevimba? Je, kasi imepita? Je, kidude cha kuzuia kimekatika? Je, unavuta kifyatulio haraka kuliko hopa inavyomimina, hivi kwamba bolti (chuma kinachosukuma risasi mtutuni) inakata risasi iliyoingia nusu? Hili la mwisho ndilo la kawaida kwa hopa ya kumimina. Tikisa hopa kidogo, punguza haraka. Ikishapasuka, usiendelee kufyatua ukitumaini itajisafisha. Rangi iliyobaki mtutuni huzungusha kila risasi inayofuata na kuipotosha. Pitisha kamba ya kusafishia mara mbili, futa, endelea.

Kasi ikishuka ghafla, angalia mtungi kwanza, kisha oringi. Risasi zikikunjia upande mmoja, mtutu una rangi au risasi zina bonde. Ikivuja kwenye maungio ya mtungi, badilisha oringi ya namba 015, ya poliyurethani, ile ngumu. Za mpira wa kawaida kutoka duka la mabomba huvimba na kupasuka kwa kaboni dioksaidi.

Jioni fungua mtutu, uoshe kwa maji ya vuguvugu, uukaushe kabisa. Mwili wa bunduki ufute kwa kitambaa chenye unyevu. Tippmann na jamii yake hutaka matone matatu manne ya mafuta ya zana za hewa kwenye tundu la bunduki mtungi unapofungwa (si kwenye mtungi wenyewe), kisha ufyatue bila risasi mara kadhaa yaenee. EMEK hutaka grisi, si mafuta. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu usiikaribishe, hula sili. Hifadhi bunduki bila mtungi na ikiwa haijakokiwa, ili springi isichoke.

Ukitaka kuagiza au kuleta nyumbani

Wengi walioko Ulaya na Marekani huwaza kununua seti ya mtumba na kurudi nayo. Kwanza uliza polisi na forodha za nchi unayoingia, ukipewa jibu kwa maandishi kabla ya kununua tiketi. Kwa afisa wa mpakani kitu hiki kinafanana na bunduki, na maelezo ya mdomo hayatakusaidia. Kuna nchi zenye vipimo vyake pia: Ujerumani, kwa mfano, huruhusu zisizozidi jouli 7.5 zenye alama ya F ndani ya pembe tano, na mnunuzi awe ametimiza miaka 18.

Kwenye ndege, kwa kanuni za Marekani, bunduki ya peintiboli huenda kwenye mzigo wa chini tu. Mtungi hukubaliwa pale tu vali yake imefunguliwa kabisa na mdomo uko wazi ili mkaguzi aone ndani, na kazi hiyo ifanywe na duka la peintiboli mtungi ukiwa umekwisha hewa, si wewe na spana nyumbani. Shirika la ndege linaweza kuwa na masharti zaidi, kwa hiyo ulizia kwao pia. Mara nyingi utagundua kwamba mtungi hauna faida kuubeba. Maski yako na kioo cha akiba havina kizuizi, ni vyepesi, navyo ndivyo ambavyo uwanja wa kukodi hauwezi kukupa kwa ubora ule ule.